Kiwanda Kilifungwa, Trekta Bado Linalima: Soma Hapa Kabla Hujanunua Massey

Leo sitaongelea mbolea wala viwavijeshi. Naomba tuongelee trekta. Tutaanzia mbali kidogo, Uingereza, halafu tutarudi hapa hapa Moshi kwenye mfuko wako.

Wiki mbili zilizopita walikuja ofisini kwangu hapa Shirimatunda vijana wawili, kaka na dada yake. Kihamba chao kiko juu Kibosho, ila kilimo cha biashara wanafanyia huku chini tambarare: mahindi na maharage, sehemu yao wenyewe na sehemu ya kukodi. Kila masika wanakaa foleni ya trekta la mtu, na kila masika linawafikia jirani ameshapanda. Sasa wameamua wanunue lao, walime kwao, kisha walimie na wengine kwa ekari.

Baada ya shikamoo na marahaba, wakanionyesha picha tatu kwenye simu. Ya kwanza ni Massey Ferguson 290 jekundu la mtumba, dalali anasema "limetoka Uingereza, orijino kabisa". Ya pili ni Massey jipya, 375, na dalali huyo huyo akawaambia "hilo achaneni nalo, ni la Pakistani". Ya tatu ni David Brown la zamani sana, bei yake nusu ya lile la kwanza.

Kaka alishaamua moyoni: anataka la Mwingereza. Dada yake akaniuliza, "Bwana shamba, hivi hicho kiwanda cha Uingereza bado kipo? Likifa katikati ya msimu, spea zinatoka wapi?"

Niliwauliza pesa wanatoa wapi. Wana akiba ya miaka minne, na nusu nyingine ni mkopo. Dhamana ya mkopo ni kihamba cha baba yao. Wenzangu mliozaliwa uchagani mnaelewa hapo nilivyokaa vizuri kwenye kiti. Shamba la chini mtu anaweza kuuza akanunua jingine. Kihamba kina migomba, kahawa, nyumba ya mzee na makaburi ya babu. Hicho hakina mbadala.

Kwa hiyo nikawapa jibu kamili, na leo nakuandikia na wewe.

Jibu fupi ni hili: kiwanda hicho hakipo. Kilifungwa mwaka 2002. Lakini hiyo peke yake siyo sababu ya kuliogopa trekta, na wala neno "orijino ya Uingereza" siyo sababu ya kulinunua.

MWINGEREZA ALIKUWA WAPI

Ukiwa na miaka 25 leo ni vigumu kuamini, lakini mwaka 1950 Uingereza ndiyo iliyokuwa inaongoza duniani kwa kuuza magari nje ya nchi. Marekani walitengeneza mengi zaidi, ila mengi walitumia wao wenyewe. Kwenye matrekta nako Mwingereza alikuwa mkubwa. Ford walitengeneza Fordson pale Dagenham, halafu mwaka 1964 wakahamia Basildon. David Brown walikuwa Meltham, karibu na Huddersfield. Nuffield, ambayo baadaye iliitwa Leyland, ilitoka Bathgate kule Scotland. Na mji wa Coventry, kwenye kiwanda cha Banner Lane, ndiko alikotokea Ferguson.

Huyu Harry Ferguson unamtumia kila siku hata kama hujawahi kumsikia. Alizaliwa mwaka 1884 huko Ireland, mtoto wa mkulima. Zamani jembe la trekta lilivutwa nyuma kama tela. Likinasa kwenye jiwe au kisiki, trekta lilikuwa linanyanyuka mbele na kumbinukia dereva. Ferguson akabuni ile mikono mitatu ya nyuma inayoendeshwa na haidroliki. Jembe likawa kama sehemu ya mwili wa trekta. Likizama sana, haidroliki inalinyanyua kidogo lenyewe, na ule uzito wa udongo unakandamiza matairi ya nyuma yasiteleze. Hapo trekta dogo na jepesi likaanza kufanya kazi ya trekta zito.

Leo angalia nyuma ya Kubota, Mahindra, John Deere au Swaraj. Mikono mitatu ni ile ile. Ndiyo maana plau ya rafiki yako inaingia kwenye trekta lako hata kama rangi ni tofauti.

Ferguson walianza kutoka Banner Lane mwaka 1946, yale madogo ya kijivu, TE20. Mpaka mwaka 1956 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 500,000. Mwaka 1953 Ferguson aliungana na Massey-Harris ya Kanada, na kutokana na muungano huo baadaye likazaliwa jina Massey Ferguson. Baadaye zikaja 35, 135, 165, 240 na 290. Injini nyingi zilikuwa Perkins, kutoka mji wa Peterborough.

YALIVYOFIKA KWETU

Tanganyika tulikutana na mashine za Mwingereza kwa kishindo mwaka 1947, kwenye mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Serikali ya Uingereza ilitaka kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 ilime karanga za mafuta. Kwa kuwa vita ilikuwa imeisha juzi tu na matrekta mapya hayakutosha, walikusanya mitumba ya jeshi kutoka pande mbalimbali za dunia. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers, yakaitwa Shervick.

Ardhi ya Kongwa ikikauka ni kama sementi. Visiki vya mibuyu navyo havikuwa na huruma. Mashine zilikuwa za aina nyingi, zimechoka, mafundi wachache na spea ziko mbali kuvuka bahari. Zikafa moja baada ya nyingine. Januari 1951 mradi ulifutwa, na pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa hasara.

Shika hapo pa spea na mafundi, maana tutaparudia.

Pamoja na hayo, mashine za Uingereza zilibaki kuwa ndizo tunazozijua. Mimi nikiwa mdogo, Landrova 109 ndiyo ilikuwa inapanda milima yetu kwenye tope la masika, watu wamejaa mpaka mlangoni na mikungu ya ndizi juu. Mapenzi hayo hayajaisha. Oktoba 2024 wenzetu wa Arusha walifanya tamasha la Land Rover, na msururu wa magari ulikuwa wa kushangaza. Lakini ukienda leo kwenye ofisi yoyote ya serikali, shirika au kampuni ya utalii, magari yaliyojaa uwanjani ni Land Cruiser.

KILICHOWAANGUSHA

Watu wengi wanajibu haraka: "migomo". Migomo ilikuwepo kweli, hasa miaka ya 1970. Ila ukiishia hapo hutajifunza kitu. Mimi naona mambo manne.

1. Waliungana bila kupangana. Mwaka 1968 makampuni makubwa ya magari yaliunganishwa kuwa British Leyland. Ndani ya nyumba moja wakawemo Austin, Morris, Triumph, Rover, Jaguar na wengine. Badala ya kupunguza aina za magari na kuzitengeneza vizuri, wakaendelea na nyingi zinazogombania mteja yule yule. Kila aina ina spea zake, vifaa vyake na mameneja wake. Gharama zikapanda. Mwaka 1975 serikali ikalazimika kuichukua kampuni isife.

2. Waliacha mashine zao zizeeke. Faida ya miaka mizuri haikurudi ya kutosha kiwandani. Wajapani walikuwa wanajenga viwanda vipya wakati wao wanaviraka vya zamani. Mwaka 1972 Uingereza ilitengeneza magari milioni 1.9. Miaka 10 baadaye, mwaka 1982, yalikuwa hayafiki 900,000.

3. Walimchukulia mteja kama mali yao. Gari likivuja oili, waliona ni kawaida ya gari. Mjapani akaleta gari ambalo halivuji, linawaka asubuhi, na spea iko dukani. Usije ukadhani shida ilikuwa wafanyakazi wa Kiingereza tu. Mwaka 1986 Nissan walifungua kiwanda Sunderland, Uingereza kwenyewe, wakaajiri Waingereza wale wale, na magari yakatoka mazuri. Kwa hiyo uongozi na utaratibu wa kazi vilikuwa na sehemu yake kubwa.

4. Wenye mali wakawa mbali. Hili ndilo lililomaliza matrekta. Wakulima wa Ulaya walipungua, mashamba yakaunganishwa, wakataka matrekta machache makubwa badala ya mengi madogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 pauni ikapanda thamani, matrekta ya Uingereza yakawa ghali kwa wanunuzi wa nje. Nchi kama zetu, zilizokuwa zinanunua yale madogo, zikawa na madeni na hazina dola. Viwanda vikauzwa kwa makampuni ya nje, na mwenye viwanda viwili vinavyofanya kazi ile ile hufunga kimoja. David Brown ilinunuliwa na Tenneco ya Marekani mwaka 1972, na kiwanda cha Meltham kikafungwa mwaka 1988. Bathgate ilifungwa mwaka 1986. Massey Ferguson ilinunuliwa na AGCO ya Marekani mwaka 1994. AGCO walikuwa pia na kiwanda cha Beauvais, Ufaransa. Mkesha wa Krismasi mwaka 2002 trekta la mwisho likatoka Banner Lane. Kiwanda kilichotoa matrekta zaidi ya milioni 3 kikafungwa.

Kwenye magari, Rover ya Longbridge ilianguka Aprili 2005, na watu zaidi ya 6,000 wakakosa kazi. Land Rover ilipita kwa BMW, ikaenda kwa Ford, na tangu mwaka 2008 ni mali ya Tata ya India. Defender ya zamani iliacha kutengenezwa Januari 2016. Hii mpya inaundwa Nitra, Slovakia.

Kwa haki, siyo kila kitu kilikufa. Basildon bado inatoa matrekta ya New Holland, ingawa mwenye mali siyo Mwingereza. JCB nao bado wanatengeneza Fastrac. Lakini ule ufalme wa zamani haupo tena.

NA SISI JE?

Usimcheke Mwingereza. Na sisi yametukuta.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nchi ilikuwa haina fedha za kigeni. Mafuta yalipanda bei, tukatoka vita ya Kagera, na bei ya kahawa ikashuka. Kahawa ya mlima huu ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyoleta dola za kununulia spea. Dola zikikosekana, hata trekta zima linalala chini ya mti kwa sababu ya beringi moja. Wazee wa umri wangu tunayakumbuka yale matrekta yaliyoota majani.

Serikali ilijaribu kuwa na kiwanda chetu. Pale Kibaha kilikuwepo kiwanda cha TRAMA, kikiunganisha matrekta ya Valmet kutoka Finland. Hakikudumu. Miaka ya karibuni Kibaha hiyo hiyo, kwenye eneo la TAMCO, yakaunganishwa matrekta ya Ursus kutoka Poland. Mwaka 2021 kampuni mama ya Ursus ikatangazwa kufilisika huko kwao. Kenya nao walikuwa na Leyland Kenya pale Thika tangu miaka ya 1970. Leo kiwanda hicho kinaitwa KVM na kinaunganisha magari ya majina mengine kabisa.

Kwa hiyo unaponunua trekta lolote, jua kwamba unaweza kukaa nalo miaka 20, na kiwanda chake kisifike huko.

TREKTA GANI HALIFI NA KIWANDA CHAKE

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Kiwanda cha Meltham kilifungwa, na cha Banner Lane pia. Mbona Massey wako kila kona na David Brown unaliona kwa nadra?

Tofauti ni hii. Massey Ferguson hawakuwa Coventry peke yake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya TAFE ya India inatengeneza Massey pale Chennai. Pakistani, mjini Lahore, wako Millat. Brazil wapo, Uturuki nao walitengeneza. Wote hao walianzia kwenye michoro ile ile ya Coventry. Perkins nayo haikufa. Mwaka 1998 ilinunuliwa na Caterpillar, na injini zinaendelea kutoka. Maana yake ni kwamba ringi, gasketi, pampu na klachi za Massey la miaka ya 1980 zinatengenezwa leo, na watu wengi, kwa bei tofauti. Na kwa kuwa trekta limeenea, fundi wa mtaani amelifungua mara 100. Anajua hata boliti gani huwa inagoma.

Angalia na Leyland. Mwingereza Leyland hayupo, lakini Ashok Leyland ya India ipo na inauza mabasi na malori mpaka huku kwetu. Mtoto amebaki, baba ameondoka.

Sasa rudi kwa dalali wetu. Aliposema 375 "ni la Pakistani" kama tusi, alikuwa hajui anachokisema. Ni mchoro wa Coventry unaoendelea kutengenezwa Lahore. Ubora wa kila kiwanda unaweza kubishaniwa, na ni haki yako kuuliza, lakini uzao ni mmoja. Na mtu akikuambia ana Massey "jipya kutoka kiwandani Coventry", muage kwa heshima uondoke. Coventry hawajatoa trekta tangu 2002.

KOSA LANGU MWENYEWE

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Miaka kadhaa iliyopita kikundi cha vijana kilinifuata kama hawa wawili. Walikuwa na pesa kidogo. Kulikuwa na trekta la mtumba la bei rahisi sana, aina yake sitaitaja. Nililiwasha, likawaka. Niliangalia moshi, uko safi. Nikawaambia chukueni, mali hiyo.

Wiki ya tatu ya masika pampu ya haidroliki ikafa. Mikono mitatu haikunyanyua tena hata plau tupu. Tulizunguka Moshi yote, tukaenda Arusha, tukapiga simu Dar. Pampu ya aina ile haikuwepo. Ikaagizwa nje, ikafika baada ya wiki sita. Mvua ilikuwa imeshaisha, wateja wameshalimiwa na wengine. Kikundi kikagombana, trekta likauzwa kwa bei ya chuma.

Nilikagua injini vizuri. Sikuuliza spea. Lile kosa ni langu, na wale vijana mpaka leo nikikutana nao sokoni nasalimia kwanza.

Piga hesabu mwenyewe, kwa namba za mfano tu. Tuseme trekta linalima ekari 6 kwa siku, na kila ekari inakuachia shilingi 20,000 baada ya dizeli na dereva. Hiyo ni 120,000 kwa siku. Siku 40 za kusubiri pampu ni shilingi 4,800,000. Hapo hatujagusa rejesho la mkopo, na hatujahesabu shamba lako mwenyewe lililochelewa kupandwa. Ukiweka hiyo juu ya bei ya "trekta rahisi", utaona halikuwa rahisi.

FANYA HAYA KABLA HUJALIPA

1. Anza dukani, siyo kwa muuza trekta. Andika vitu saba: pampu ya haidroliki, sahani ya klachi, gasketi ya silinda hedi, seti ya ringi, pampu ya maji, nozeli, na beringi za magurudumu ya mbele. Nenda maduka matatu ya spea hapa mjini, uliza kila kimoja kwa aina na namba ya trekta unalotaka. Kipo leo? Bei gani? Kama vitano kati ya saba ni "tunaagiza", achana na trekta hilo hata kama linang'aa.

2. Tafuta mafundi wawili. Mmoja akisafiri au akiugua, awepo mwingine. Waulize, "Umeshawahi kufungua gia boksi ya hili?" Fundi mkweli atakuambia ndiyo au hapana. Anayesema "nitajaribu" atajifunzia kwenye trekta lako.

3. Soma kibati cha namba. Linganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi. Kibati kikiwa kimeng'olewa au kimepigwa rangi, simama hapo kwanza. Nenda na kadi TRA wakuhakikishie mmiliki ni nani na kama kuna deni.

4. Washa injini ikiwa baridi. Fika asubuhi bila taarifa, shika injini kwa mkono. Ukikuta imeshachemshwa, kuna kitu wanaficha. Moshi wa bluu ni injini inakula oili. Mweupe usioisha, na maji yanapungua kwenye rejeta, inaweza kuwa gasketi au hedi. Mweusi mzito ni nozeli au pampu ya dizeli. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

5. Jaribu mikono mitatu. Funga plau, nyanyua juu, zima injini. Kaa dakika 10 mnapiga hadithi. Plau ikishuka haraka, haidroliki imechoka. Hiki kipimo ndicho mimi sikukifanya kwa utulivu.

6. Lilimishe. Usikubali kuzungushwa barabarani tu. Peleka kwenye udongo mgumu, lime angalau nusu ekari. Sikiliza gia, angalia kama klachi inateleza, washa na PTO izunguke.

7. Usiiamini mita ya masaa. Inabadilishwa kwa urahisi. Angalia pedali za klachi na breki zimelika kiasi gani, na uchezaji wa usukani. Hivyo ni vigumu kuvidanganya.

8. Tenga pesa ya matengenezo. Usimalize hela yote kwenye kununua. Mtumba wowote utadai oili, filta, mikanda na pengine matairi ndani ya mwezi wa kwanza. Mimi nashauri uwe na angalau sehemu moja ya tano ya bei pembeni.

Na jambo la mwisho, ambalo viwanda vya Uingereza vilisahau: faida ya mwaka mzuri irudi kwenye mashine. Kila ekari unayolimia watu, toa kiasi uweke kwenye akaunti ya trekta. Ukila yote, siku injini ikidai utakwenda kukopa tena, na safari hii dhamana itakuwa imeshatumika.

WALE VIJANA WAMEFIKIA WAPI

Niliwapa ile orodha ya vitu saba, wakaenda mjini siku mbili. Wakarudi na karatasi. La David Brown walipata vitu viwili tu, vingine vya kuagiza. La 290 walipata vyote saba. La 375 walipata sita, na muuzaji ana fundi wake.

Kaka alikuwa bado anataka lile jekundu la mtumba. Safari hii sababu yake ilikuwa spea, hakutaja tena Uingereza. Tukaenda kulikagua pamoja alfajiri. Injini nzuri. Tukanyanyua plau, tukazima, tukakaa. Dakika ya nne plau ikawa chini.

Dada akamwambia muuzaji, kwa upole kabisa, apunguze bei ya pampu mpya na ufundi, au watalitafuta jingine. Muuzaji hakukubali siku ile. Wakaondoka. Nami nilifurahi kuwaona wanaondoka, maana mtu aliyeweka kihamba rehani anatakiwa aweze kuondoka. Mpaka naandika hapa bado wanazungumza naye, na wakati huo huo wanapiga hesabu ya lile jipya.

Masika inaanza Machi. Bado kuna muda wa kukagua vizuri, lakini siyo wa kupoteza. Ukiwa karibu na Shirimatunda pita ofisini na picha ya kibati cha namba tuliangalie pamoja. Ukiwa mbali, niulize hapo chini, nitajibu ninayoyajua.

Kazi njema shambani.